Jinsi ya kujua babu yako alifanya kazi gani Tabora enzi za misafara

Juzi nilikaa barazani Isevya na binamu yangu, tukitafuta kazi ya babu wa bibi yake. Alikuwa na neno moja tu mkononi: mnyapara. Neno hilohilo liliwahi kunipotezea miezi miwili.

1. Nenda kwa mzee mwenye umri mkubwa kuliko wote kwenye ukoo. Chukua daftari na penseli, simu iache mfukoni. Wazee wakijua wanarekodiwa hufupisha maneno.

2. Andika cheo kama kinavyotamkwa, usikisahihishe. Hapa ndipo penye kazi. Katika misafara ya biashara ya Bagamoyo hadi Ujiji, mnyapara alikuwa msimamizi wa wapagazi, yaani wabeba mizigo. Kwa Wanyamwezi, wanyampala walikuwa wazee washauri wa mtemi, yaani mtawala wao, watu wa ikulu. Mimi nilimsaka babu yangu njia nzima ya Pwani, kumbe alikuwa akiamua kesi palepale Unyanyembe, utemi wa hapa Tabora. Wala usiitegemee tofauti ya r na l, maana wazee wetu wengi huzichanganya. Sikiliza maneno yanayoandamana na cheo. Ukisikia kesi, tambiko na kutawazwa, hiyo ni ikulu. Ukisikia posho, doti, shanga na Pwani, huo ni msafara. Ukibaki na shaka, uliza masika alikuwa wapi, kwa sababu wapagazi wengi wa Kinyamwezi walitaka kuwa nyumbani msimu wa kulima.

Bibi wa binamu yangu alijishika bega. "Hapa alikuwa na sugu, wajukuu zangu. Na alikuwa akirudi na kaniki." Basi aliubeba mzigo kabla ya kuwa mnyapara: frasila mbili, kama kilo 32.

3. Angalia vyeo vingine vinavyotajwa pamoja na hicho. Kirangozi ndiye aliyetangulia na bendera. Rugaruga ni mpiganaji. Uliza wa mtemi gani, maana Mirambo, mtemi wa Urambo, hakuwa peke yake kuwa nao.

4. Pima miaka. Misafara ni ya kabla ya reli, na reli ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Upagazi wa vita vya 1914 hadi 1918 ni habari nyingine kabisa, na watu walishurutishwa. Usiuandike pamoja na ule wa misafara.

5. Kabla hujaaga, msomee mzee ulichoandika. Tulipofika kwenye nguo, bibi alitukatiza: "Kaniki alimletea mkewe. Yeye alivaa merikani."