SOMO: Gari inachemsha? Kabla hujanunua rejeta mpya, shughulikia upande wa hewa

Wakuu, salaam. Haipiti wiki bila mtu kunifuata kwenye ujumbe wa faragha: "Fundi, nimebadilisha rejeta, nimebadilisha wota pampu, thamostati nimetupa, bado inachemsha." Naandika mara moja tu. Kuanzia leo ukiniuliza nakutumia linki ya uzi huu.

Kwanza kitu kimoja, maana bila hicho hatua zote zinakuwa uganga. Joto la injini linapita kwenye chuma, linaingia kwenye maji, linatoka kwenye ukuta wa mrija wa rejeta, linaenda kwenye vile vibati vyembamba, ndipo linachukuliwa na hewa. Sehemu ngumu kuliko zote katika njia hiyo ndiyo inayoamua joto litoke haraka kiasi gani, na kwenye rejeta sehemu hiyo ni hewa. Maji yanapokea na kuachia joto kirahisi. Hewa ni mvivu. Ndiyo maana vibati vimejazwa nje. Watu wanahangaika na maji wakati tatizo liko usoni mwa rejeta.

Hatua ya 1. Jua inachemshia wapi. Kwenye foleni inapanda, ukishika kasi inatulia: angalia feni. Mjini haina shida ila mlimani au kwenye mwendo mrefu ndiyo mshale unapanda: rejeta imeziba (nje au ndani), au maji hayazunguki vya kutosha. Kama hosi zinakakamaa muda mfupi tu baada ya kuwasha injini ya baridi na mapovu hayakomi kwenye rejeta, hiyo huenda ni gasketi ya silinda hedi. Usiendelee na somo hili, tafuta fundi.

Hatua ya 2. Injini ipoe kabisa. Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi cha moto, hata kwa tambara.

Hatua ya 3. Soma namba juu ya kifuniko, mara nyingi ni 0.9 au 1.1. Huo ni mgandamizo kinaoushikilia. Kwa 0.9 maji matupu hayachemki mpaka karibu digrii 119. Raba ikipasuka unarudi kwenye kiwango cha sufuria, na kwa mwinuko wa Iringa mjini sufuria inachemka karibu digrii 95. Nunua chenye namba ileile, usiongeze.

Hatua ya 4. Washa feni, weka karatasi mbele ya grili. Lazima ivutwe. Ikisukumwa, kuna mtu aligeuza waya. Na lile kava la plastiki linalozunguka feni lirudishe! Bila kava, feni inavuta hewa ya katikati tu, na nyingine inazunguka pembeni na kurudi ilikotoka ikiwa tayari ya moto.

Hatua ya 5. Kuosha vibati. Hapa soma polepole, kwa sababu hapa ndipo niliwahi kuharibu rejeta nzima ya mteja kwa mashine ya kuoshea magari, dakika moja tu.

Mbele ya rejeta kuna kondensa ya AC. Ukichungulia kwenye grili unaiona kondensa, iko safi, unasema rejeta safi. Uongo. Uchafu unakaa KATI ya kondensa na rejeta: mbawa za panzi, nyuzi za katani, manyoya, mifuko ya nailoni, vumbi lililoshikana na oili iliyovuja. Nimewahi kutoa tabaka lililobanduka zima kama chapati, na mwenye gari alikuwa ameshanunua wota pampu mbili. Kwa hiyo legeza bolti za juu za rejeta uisogeze nyuma kidogo, mulika tochi katikati. Huwezi kusogeza? Itoe.

Osha kwa mpira wa kawaida wa bustani, kutoka upande wa injini kwenda mbele, yaani kinyume na hewa inavyoingia, ili uchafu utoke kwa njia ulioingilia. Kama kuna oili, pulizia maji ya sabuni ya vyombo, acha dakika kumi, suuza. Rudia mpaka maji yatokayo yawe meupe.

ONYO: usitumie mashine ya presha. Vibati ni vyembamba kama karatasi na vinalala mara moja. Kikishalala, hewa haipiti hapo tena. Pia kila kibati kimekatwa vijidirisha vidogo vilivyoinuliwa kidogo. Si urembo. Hewa ikiteleza juu ya bati inaacha utando uliotulia unaozuia joto. Kila kijidirisha kinauvunja, unaanza upya ukiwa mwembamba. Ukivilaza umeondoa kazi kubwa aliyoifanya mtengenezaji.

ONYO la pili: usichomeke bisibisi kunyoosha. Tumia kitu cha plastiki, taratibu. Mrija uko milimita chache kutoka hapo.

ONYO la tatu: feni ya umeme inaweza kuwaka yenyewe hata swichi ikiwa imezimwa. Toa waya wa betri kwanza.

Hatua ya 6. Ndani. Kama umekuwa ukijaza maji ya kisima cha chumvi, kuna ukoko. Shaba inapitisha joto zaidi ya mara 100 kuliko ukoko wa chokaa, kwa hiyo utando mwembamba tu unaua kazi. Tumia asidi ya limau ya unga, ile ya watengeneza juisi, gramu 50 kwa lita. Endesha injini ikiwa ya moto kama robo saa, izime, subiri ipoe, mwaga, suuza mara kadhaa. Usitumie maji ya betri wala magadi. Rejeta nyingi za leo ni alumini na vyote viwili vinaila. Na kama rejeta ni chakavu sana, jiandae: kuna nyingine zimeshikiliwa na huohuo ukoko, ukiutoa zinavuja.

Hatua ya 7. Jaza kulanti (kimiminika maalum cha kupozea injini) nusu, maji laini nusu. Maji ya mvua safi yanafaa. Jaza polepole huku pua ya gari ikiwa juu, hita ya ndani ikiwa imefunguliwa kwenye moto, kifuniko wazi, injini kwenye sailensa (inaunguruma bila kukanyaga mafuta) mpaka mapovu yaishe. Hewa iliyonaswa kwenye hedi haipozi chuma, na kihisi cha joto kikiwa ndani ya hewa kinadanganya.

Hatua ya 8. Rudisha thamostati, ile vali inayofunguka maji yakipata moto, kama uliitoa.

Maswali karibuni, ila someni kwanza.

---

Kiberenge: Mkuu gari yangu inachemsha tatizo litakuwa nini?

Mwandishi: Hatua ya 1.

Kiberenge: Nimesoma lakini ni ndefu. Ni Noah.

Mwandishi: Noah nayo ina hatua ya 1. Foleni au mlimani?

MamaCanter: Fundi, mimi nina swali kuhusu hatua ya 8, umeiandika kwa mstari mmoja kama haina maana. Fundi wangu wa hapa alitoa thamostati, akasema sisi hatuishi kwenye baridi, haina kazi. Mjini gari iko poa kabisa. Lakini nikipanda Kitonga na mzigo inachemsha. Inahusiana?

Mwandishi: Dada, inahusiana sana, na asante kwa kueleza inachemshia wapi. Kwenye injini nyingi thamostati ina kazi mbili. Ikifunguka kuruhusu maji yaende kwenye rejeta, sahani yake ya chini inaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini moja kwa moja. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote. Mjini joto ni dogo, huoni tofauti. Kitonga na mzigo, sehemu ya maji inazunguka bila kuiona rejeta kabisa. Rudisha yenye namba ileile, mara nyingi digrii 82 au karibu na hapo. Kabla ya kuifunga, itie kwenye sufuria ya maji ya moto uone inafunguka. Na mlimani shusha gia mapema: injini ikizunguka haraka, pampu na feni ya mkanda navyo vinaongeza kasi.

MamaCanter: Ubarikiwe. Nitaleta mrejesho.

Jembe la Kale: Haya ya vibati ni nadharia. Mimi nimeweka wota pampu kubwa ya gari nyingine, maji yanakimbia, shida imekwisha.

Mwandishi: Hongera. Mkanda je, hautelezi? Ukitaka maji yaende mara mbili kwa pampu ileile, unadai nguvu kama mara saba au nane kutoka kwenye injini, halafu faida yake kwenye rejeta ni ndogo. Nadhani ulipobadilisha pampu ulimwaga maji na kutoa hewa vizuri. Hiyo ndiyo iliyokuponya.

Jembe la Kale: Nadhani zako baki nazo.

Mwandishi: Sawa mzee.

Mwanafunzi_Mitambo: Samahani mkuu, niko chuo mwaka wa pili. Umesema faida ya kuongeza kasi ya maji ni ndogo. Inaweza kuonyeshwa kwa hesabu?

Mwandishi: Swali zuri, kaa hapa. Chukua mrija mtupu usio na vibati. Tuseme upande wa maji unapitisha wati 4000 kwa kila mita ya mraba kwa kila digrii, upande wa hewa 50. Vizuizi viwili vilivyofuatana vinajumlishwa, kama ukinzani wa umeme: 1/4000 + 1/50. Geuza jibu, unapata kama 49.4. Sasa zidisha upande wa maji mara mbili, uwe 8000: unapata 49.7. Hakuna kitu. Rudi mwanzo, zidisha upande wa hewa uwe 100: unapata 97.6. Karibu maradufu. Vibati vinafanya hivyohivyo kwa kuongeza eneo badala ya kasi.

Ila usikariri "vibati nje". Kariri "tafuta upande mgumu". Kwenye kipoza oili kinachopozwa kwa maji, oili ndiyo ngumu: nzito, inatambaa kwa matabaka bila kuchanganyika. Hapo mbinu zinahamia upande wa oili, mfano utepe wa chuma uliosokotwa unaotiwa ndani ya mrija ili oili izunguke na kujichanganya. Ukienda kiwanda cha maziwa utaona mabamba yenye mikunjo yamepangwa pamoja, maziwa huku, maji baridi kule. Mikunjo inavuruga mtiririko hata kwa kasi ndogo. Gharama yake ni pampu kusukuma kwa nguvu zaidi. Hakuna cha bure.

Mwanafunzi_Mitambo: Nimeelewa kuliko nilivyoelewa darasani. Na zile chupa wanazouza za kuongeza "nano" kwenye kulanti?

Mwandishi: Utafiti wenyewe ni wa kweli. Maabara ya Argonne kule Marekani walianza kuuzungumzia miaka ya 1990, chembe ndogo sana za metali au oksaidi ndani ya kimiminika ili kipitishe joto zaidi. Lakini rudi kwenye hesabu yako: chupa hiyo inaboresha upande gani?

Mwanafunzi_Mitambo: Wa maji. Haha.

Mwandishi: Umefaulu.

Kiberenge: Ni foleni.

Mwandishi: Safi. Hatua ya 4, jaribu karatasi.

Pwani Raha: Mimi niko Mombasa. Kondensa ya AC ya nyumbani, ile ya nje, vibati vimeliwa na chumvi, ukigusa vinakuwa unga. Nipake rangi?

Mwandishi: Kilichogeuka unga hakirudi, hapo unabadilisha. Rangi ya kawaida ni blanketi. Kuna kondensa zinazotoka kiwandani na utando maalum dhidi ya chumvi, ulizia hizo. Mpya ioshe kwa maji yasiyo na chumvi mara kwa mara kabla chumvi haijashika, na usiifunike kwa kibanda cha mabati. Inavuta hewa yake yenyewe ya moto.

Bodaboda Huru: Vipi pikipiki, haina rejeta?

Mwandishi: Injini yenyewe ndiyo rejeta. Yale mabapa ya silinda yakijaa tope la mvua, umeivalisha koti. Kwangua kwa kijiti, osha ikiwa imepoa. Na ile mifuko mnayofunga mbele kujikinga na upepo inaziba hewa.

Kiberenge: Karatasi imesukumwa. Imeruka mpaka kwa jirani.

Mwandishi: Nani alifunga hiyo feni?

Kiberenge: Mimi.

Mwandishi: Geuza waya. Halafu fanya hatua ya 5 vilevile, maana muda wote huo ulikuwa unapuliza hewa ya injini kwenye rejeta.