SOMO: Jinsi ya kumtunza farasi aina ya Percheron

Habari zenu wadau, naona wengi mnawatamani hawa farasi wakubwa wa kuvuta mizigo kwahiyo leo twende na Percheron. Asili yake ni Perche, jimbo la zamani kule magharibi mwa Ufaransa, na ukifuatilia ukoo wao unafika kwa dume mmoja anaitwa Jean-Le-Blanc, kazaliwa 1823. Ndio waliokuwa wanavuta mabasi ya abiria Paris kabla injini hazijaja. Rangi yao mara nyingi kijivu au nyeusi, na upole wao bwana acha tu.

HATUA YA 1: Chakula
Hapa ndipo watu wanapowaua. Mtu anaona mwili ule anamjazia ndoo ya mahindi na shayiri, sasa farasi wa aina hii wengi wana ugonjwa wa misuli wa kurithi, wanga ukizidi unajirundika kwenye misuli, kapumzika siku mbili ukimrudisha kazini anakakamaa mapaja, jasho linamtoka na kasimama tu, mkojo unakuwa rangi ya kahawa. Ukiona hivyo usimtembeze, mpe maji, mwite daktari wa mifugo haraka. Msingi wake ni nyasi kavu, kilo 1.5 hadi 2 kwa kila kilo 100 za uzito, yaani wa kilo 900 anakula kilo 13.5 mpaka 18 kwa siku, zisizo na ukungu. Akikonda kwa kazi mwongezee mafuta ya kula kidogo kidogo, sio mahindi. Na asikae zizini siku nzima, atembee kila siku hata kama hakuna mzigo.

HATUA YA 2: Kwato
Safisha kila siku, chokonoa kutoka kisigino kuja mbele. Kile kipande laini cha pembetatu katikati kikinuka uozo na kutoa uchafu mweusi ujue zizi lako lina unyevu. Fundi wa kwato kila wiki 6 hadi 8. Mzoeshe kuinua mguu angali mtoto, akishafika kilo 900 akakuegemea huna ujanja.

HATUA YA 3: Kola
Kola ni ule mduara mnene wa shingoni anaovutia mzigo. Kiganja kipite kati ya kola na koo, kikikwama inamkaba.

MASWALI

Mkuu, nimeletewa mtoto mweusi tii na mama yake ni mweupe, sijapigwa kweli?
Hujapigwa mkuu. Wa kijivu huzaliwa na rangi nyeusi au ya giza kisha wanapauka mwaka hadi mwaka. Ila akizeeka mkague chini ya mkia, hawa wa kijivu huota vinundu vyeusi vya saratani ya ngozi, mwonyeshe daktari mapema.

Anapandwa au ni mizigo tu?
Anapandwa vizuri, ila mgongo ni mpana, tandiko la kawaida litambana mabegani.

Nikimleta Arusha atatoboa?
Shida sio joto peke yake, kuna homa ya farasi ya Afrika inayoenezwa na visubi, na farasi mgeni hana kinga kabisa. Kamalizane na daktari wa mifugo habari ya chanjo kabla hujalipa hata shilingi, na jioni mpaka alfajiri alale ndani kwenye nyavu.