Linux isipowaka kwenye Mac ya PowerPC: tafuta kijiti kilipoangukia kabla ya kusakinisha butiloda upya

Mashine ya PowerPC ya Apple, kwa mfano iBook G4 au Power Mac G4, ikishindwa kuwasha Linux baada ya usakinishaji uliokamilika bila lalamiko lolote, fundi wengi hukimbilia kufuta diski na kuanza upya. Nimefanya hivyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, na mara nyingi hizo kosa lilirudi lilelile, kwa sababu programu ya usakinishaji ilirudia hatua zilezile zilizoshindwa mwanzo. Kuwasha mashine hii ni mbio za kupokezana kijiti. Programu dhibiti ya Apple, iitwayo Open Firmware, humpa kijiti butiloda, yaani programu ndogo inayopakia kerneli. Butiloda humpa kerneli, yaani kiini cha Linux. Kerneli na faili la initrd (mfumo mdogo wa muda wa kuanzia) hukikabidhi kwa mfumo wenyewe. Kazi yako ni kujua kijiti kimeangukia kwa nani, na kila mkimbiaji huacha alama yake kwenye skrini.

Mwongozo huu unahusu Mac za PowerPC za kizazi cha New World (kuanzia iMac ya mwaka 1998) zilizotengenezwa kabla Apple haijakamilisha kuhamia Intel mwaka 2006. Unahusu butiloda mbili: yaboot, iliyotumika hadi Debian 8 ya mwaka 2015, na GRUB, inayotumiwa na Debian Ports (mradi wa Debian kwa mashine zisizo katika orodha rasmi) baada ya Debian 9 kutoka mwaka 2017 bila PowerPC katika orodha hiyo. Ni vyema ujue mapema uko upande upi, kwa kuwa ushauri wa yaboot ukiutumia kwenye GRUB utaharibu kazi, na kinyume chake.

Hatua ya kwanza: soma alama kwenye skrini

Folda inayopepesa yenye alama ya kuuliza inamaanisha kwamba Open Firmware haijaona butiloda yoyote. Ukiona neno `boot:` la yaboot, au `grub>`, kijiti kimeshafika kwa butiloda, na hakuna haja ya kugusa programu dhibiti. Ukiona maandishi ya kerneli yakipita kisha yakakwama kwenye `Unable to mount root fs`, butiloda imemaliza kazi yake salama, na tatizo liko kwenye initrd au kwenye jina la sehemu ya diski yenye mzizi wa mfumo. Skrini ikiwa nyeusi kabisa baada ya kerneli kupakiwa, shuku kadi ya michoro kwanza. Kwenye iBook G4 yenye Radeon, kuongeza `radeon.agpmode=-1` kwenye mstari wa kerneli kumeniokoa zaidi ya mara moja.

Hatua ya pili: ihoji Open Firmware

Hapa ndipo penye utajiri wa mambo, na ndipo wengi hupita haraka. Zima mashine, iwashe, kisha shikilia vitufe vya Command, Option, O na F kwa pamoja mpaka skrini nyeupe itokee ikiwa na alama `0 >`. Kumbuka kwamba kibodi hapo inafuata mpangilio wa Marekani, hata kama yako ni ya nchi nyingine, hivyo alama ya `\` huenda isiwe mahali unapoitarajia. Andika:

```
printenv boot-device
devalias
dir hd:2,\
```

Amri ya kwanza inaonyesha Open Firmware imeagizwa kutafuta wapi. Ya pili inaorodhesha majina ya mkato ya vifaa, na humo utaona `hd` inaelekea kwenye diski ipi; kwenye Power Mac yenye diski mbili, `hd` inaweza kuwa inaelekea ile isiyo na Linux. Ya tatu inaorodhesha mafaili ya sehemu ya pili ya diski, ambayo kwenye diski yenye Linux pekee ndiyo kwa kawaida hubeba butiloda, kwa sababu sehemu ya kwanza ni jedwali la Apple lenyewe.

Ikiwa `dir` inakataa kusoma chochote, fikiria jinsi diski ilivyogawanywa. Open Firmware ya mashine hizi haisomi jedwali la GPT, mtindo wa kisasa wa kugawa diski. Diski iliyotayarishwa kwenye kompyuta nyingine, hasa kwa programu za kisasa zinazochagua GPT bila kuuliza, itaonekana kwake kama diski tupu. Dawa ni kugawa upya kwa jedwali la Apple, ama kwa `mac-fdisk` au kwa amri `mklabel mac` ndani ya `parted`, na hapo data yote inapotea; hifadhi nakala kwanza.

Ikiwa `dir` inaonyesha mafaili lakini mashine bado inapepesa ile folda, ijaribu kwa mkono. Kwa yaboot:

```
boot hd:2,\yaboot
```

Kwa GRUB, weka jina la faili uliloliona katika orodha, ambalo linaweza kuwa `grub`. Ikiwaka kwa njia hii, umebaini jambo kubwa: faili ni zima, na kilichopotea ni maelekezo tu. Andika `mac-boot` kuendelea na uwashaji wa kawaida, au `shut-down` kuzima.

Inafaa nieleze maelekezo hayo yanavyosomwa, maana watu hunakili msitari huu bila kuuelewa kisha wakausahihisha vibaya. Thamani ya kawaida ni `hd:,\\:tbxi`. Neno `hd` ni diski. Baada ya nukta mbili huwa kuna namba ya sehemu ya diski, na hapa imeachwa wazi, yaani mashine itafute yenyewe. Alama mbili za `\\` haziwakilishi mzizi wa diski, bali folda iliyobarikiwa. Kubariki ni neno la Apple wenyewe, nalo linamaanisha kuweka alama kwenye mfumo wa mafaili wa HFS ikisema kwamba folda hii ndiyo ya kuwashia. Mwisho, `:tbxi` inasema lichukuliwe faili lenye aina hiyo, lijiite jina lolote. Kwa hiyo mashine inahitaji mambo mawili: folda iliyobarikiwa, na ndani yake faili la aina ya `tbxi`. Likikosekana moja, folda yenye alama ya kuuliza inarudi.

Hatua ya tatu: ingia kwenye mfumo kutoka nje

Washa kwa diski ya usakinishaji huku ukishikilia kitufe cha C, chagua hali ya uokoaji, na ufungue ganda la amri. Nitachukulia kwamba sehemu ya 2 ni ya butiloda na ya 3 ni mzizi. Badilisha namba kulingana na yako.

```
mount /dev/sda3 /mnt
mount --bind /dev /mnt/dev
mount --bind /proc /mnt/proc
mount --bind /sys /mnt/sys
chroot /mnt
```

Ukiwa na sehemu ya pekee ya `/boot`, ipachike (kwa `mount`) kabla ya `chroot`, amri inayokuingiza ndani ya mfumo uliosakinishwa, la sivyo utarekebisha nakala isiyotumika.

Hatua ya nne, kwa wenye yaboot

Sehemu ya butiloda ya yaboot ni ndogo, kilobaiti 800 zinatosha, na aina yake kwenye jedwali ni `Apple_Bootstrap`. Aina hiyo ina faida moja isiyosemwa sana: Mac OS haiipachiki, hivyo haiwezi kuivua baraka. Usiipachike wewe pia, wala usiiweke kwenye `fstab`. Amri ya `ybin`, inayosakinisha yaboot, huiandikia yenyewe kupitia hfsutils, zana za Linux za kushughulikia HFS.

Fungua `/etc/yaboot.conf` na uisome msitari kwa msitari:

```
boot=/dev/sda2
device=hd:
partition=3
root=/dev/sda3
timeout=50
install=/usr/lib/yaboot/yaboot
magicboot=/usr/lib/yaboot/ofboot
image=/vmlinux
    label=Linux
    initrd=/initrd.img
    read-only
```

Makosa ninayoyakuta humu ni yaleyale. Majina ya zamani ya `/dev/hda` yamebaki, ilhali kerneli mpya zinaiita diski hiyohiyo `/dev/sda`. `partition` inaelekea mzizi ilhali kerneli iko kwenye sehemu ya pekee ya `/boot`. Katika hali hiyo namba iwe ya hiyo `/boot`, na njia ya faili ihesabiwe kuanzia ndani yake. Tena `/vmlinux` na `/initrd.img` ni viungo tu, na usasishaji wa kerneli uliokatizwa na umeme huviacha vikielekea faili lisilokuwepo. Amri `ls -l /vmlinux /initrd.img` itakuonyesha. Nasisitiza pia `/boot` ya yaboot iwe ya mfumo wa mafaili wa ext2, kwa sababu msomaji wake wa mafaili ni wa zamani na hajui vipengele vyote vya ext4.

Ukimaliza, andika `ybin -v`. Ikiwa sehemu ya butiloda imeharibika au haijawahi kutayarishwa, tumia `mkofboot -v`, ambayo huiumba upya na kuiandikia; hakikisha mara mbili kwamba `boot=` inaelekea sehemu sahihi, kwani amri hiyo hufuta ilichoelekezwa.

Hatua ya nne, kwa wenye GRUB

Mambo hapa yanageuka. GRUB huhifadhi moduli zake zote ndani ya sehemu ya HFS, hivyo kilobaiti 800 hazitoshi. Mimi hutenga megabaiti 256. Na sehemu hiyo lazima ipachikwe, tena kwenye `/boot/grub`:

```
mount -t hfs /dev/sda2 /boot/grub
grub-install --no-nvram --macppc-directory=/boot/grub
update-grub
```

Hapo ndipo nilipopoteza jioni nzima na iBook moja. Nilisahau msitari wa kwanza. `grub-install` ikaandika kila kitu ndani ya `/boot/grub` ya kawaida, juu ya ext4, na ikamaliza bila hitilafu. Kwa upande wake haikuwa imekosea. Open Firmware, isiyojua ext4, iliendelea kupepesa folda yake. Tangu siku hiyo naandika `findmnt /boot/grub` kabla ya kuendelea, na isipotaja `hfs` nasimama.

Nimeweka `--no-nvram` kwa makusudi. Sipendi butiloda iandike kwenye kumbukumbu ya programu dhibiti (NVRAM) njia ndefu ya kifaa ambayo itakuwa batili diski ikihamishiwa waya mwingine. Napendelea faili libarikiwe vizuri, ili thamani ya kawaida ya `boot-device` itoshe.

Kubariki kwa mkono ni hivi. Ondoa upachikaji kwanza, kwani HFS haistahimili waandishi wawili kwa wakati mmoja:

```
umount /boot/grub
hmount /dev/sda2
hls -l
hattrib -t tbxi -c UNIX :grub
hattrib -b :
humount
```

Ikiwa `hls` inaonyesha faili kwa jina jingine au ndani ya folda nyingine, weka njia hiyo badala ya `:grub`, na ubariki folda ileile iliyolibeba.

Ikiwa baada ya hapo unafika kwenye `grub rescue>`, butiloda imeamka lakini haioni moduli zake. Andika `ls` uone majina ya diski kama GRUB inavyoyaita, kisha uielekeze:

```
set prefix=(ieee1275/hd,apple2)/
insmod normal
normal
```

Menyu ikitokea, washa mfumo na urudie `grub-install` ukiwa ndani yake. Ukifika `grub>` badala yake, moduli zipo na kinachokosekana ni `grub.cfg` tu, `update-grub` inatosha.

Hatua ya tano: kerneli na saa

Kwa mwenye G5, hakikisha kerneli ni ya `powerpc64`. Ile ya biti 32 haitawaka hapo. Initrd ikikosekana, `update-initramfs -c -k` ikifuatwa na namba ya toleo la kerneli, ndani ya `chroot`, itaiunda upya, na kwa yaboot ni vizuri kuelekeza `root=` kwa UUID, namba ya utambulisho ya sehemu ya diski, inayopatikana kupitia `blkid`.

Betri ndogo ya saa nayo hukorofisha uwashaji kwa namna isiyotarajiwa. Saa za Mac huanza kuhesabu mwaka 1904, na betri ikifa mashine huamka ikidhani imerudi huko nyuma. Ukaguzi wa diski hukuta kwamba diski ilipachikwa mara ya mwisho katika wakati ujao na huweza kusimama kuuliza, na `apt` hukataa hazina za programu kwa sababu ya tarehe. Ukiona hivyo, weka tarehe kwa amri ya `date` kabla ya kupakua chochote.

Hatua ya mwisho: ipime kwa ukali

Mfumo ukiwaka mara moja, usiirudishe mashine kwa mwenyewe bado. Izime, iwashe huku ukishikilia Command, Option, P na R mpaka usikie mlio wa kuwaka mara ya pili, kisha uiachie. Kitendo hicho hurudisha maelekezo ya Open Firmware kwenye thamani zake za kawaida. Ikiwaka moja kwa moja hadi Linux, baraka iko kwenye diski yenyewe. Ikirudi kwenye folda yenye alama ya kuuliza, ilikuwa inategemea thamani ya NVRAM tu, na inakupasa urudi kwenye `hattrib`, au kwenye `mkofboot` ikiwa unatumia yaboot.