Kupima Oili ya Injini Mwenyewe

Egesha gari mahali tambarare, zima injini, kisha subiri dakika 5 hadi 10 ili oili iliyopanda juu irudi chini kwenye sampo, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini. Vuta kijiti cha kupimia, kifute kwa tambara safi, kirudishe hadi mwisho, halafu kivute tena, kwa sababu kipimo cha kwanza hakiaminiki. Oili ikiwa chini ya alama ya chini, ongeza kidogo kidogo ya aina iliyotajwa katika kitabu cha gari, kwani kuzidisha nako huweza kuharibu sili, yaani vizibo vinavyozuia oili isivuje. Weusi ni jambo la kawaida, hasa kwa injini ya dizeli. Rangi ya maziwa ndiyo ya kuogopwa, maana huweza kuonyesha kwamba maji ya rejeta yanaingia ndani ya injini, na gari hilo lisiendeshwe kabla fundi hajalikagua.