Kabla hujasema "mimi nilishachanjwa"

"Nilishachanjwa" si jibu. Ulichanjwa nini, dozi ngapi, na ya mwisho ulipigwa lini? Asiyeweza kujibu hayo matatu hajui kama ana kinga au hana. Nyumbani kwetu tulikuwa tukisema "watoto wote walichanjwa" bila wasiwasi wowote, na kauli hiyo nusura ituondolee kaka. Nitafika huko. Kwanza haya mepesi.

Tafuta kadi. Kadi ya kliniki haitupwi mtoto akianza shule. Ipige picha kurasa zote, umtumie na ndugu mwingine, maana simu huibwa. Kama ulichanjwa ukubwani kwa sababu ya safari, kazi au jeraha, omba tarehe iandikwe mahali. Sindano isiyoandikwa popote, daktari makini ataihesabu kuwa haikupigwa, na atakuwa sahihi.

Surua ni dozi mbili, mwezi wa 9 na mwezi wa 18, basi. Hiyo ni ya maisha. Ila wazazi wengi hupeleka mtoto ile ya kwanza, ya pili wanaisahau kwa kuwa mtoto ameshatembea na mama amerudi kazini. Ya pili haiji kuongeza nguvu kinga iliyochakaa. Inakuja kwa ajili ya wale watoto ambao ya kwanza haikushika kabisa, na hakuna anayeweza kukuambia kama wako ni mmoja wao. Mpeleke.

Homa ya manjano nayo ni ya maisha. Tangu tarehe 11 Julai 2016, kwa kanuni za afya za kimataifa, dozi moja na cheti chake havina mwisho. Hata ile kadi ya zamani iliyoandikwa miaka 10 bado inafaa, hivyo usikubali kulipia sindano nyingine kwa sababu tu kadi "ime-expire" kwa maneno ya mtu wa dirishani. Kinachokwamisha wasafiri ni hesabu ya siku. Cheti huanza kutumika siku 10 baada ya sindano. Anayechanjwa Jumatatu Nairobi ili Alhamisi atue Zanzibar, kadi anayo mkononi lakini siku yake haijafika.

Homa ya ini B ni dozi tatu, kwa kawaida leo, baada ya mwezi mmoja, kisha mwezi wa sita. Ukizimaliza na afya yako ni ya kawaida, nyongeza huhitaji. Kinga yake hudumu miaka 20 na zaidi. Lakini angalia umri wako. Tanzania iliiingiza kwenye ratiba ya watoto mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kama ulizaliwa kabla ya hapo, kadi yako ya utotoni hata ikiwa imejaa, ini B haimo. Kapime kwanza, kama huna maambukizi ndipo uanze dozi. Na wahudumu wa afya wenzetu, mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya tatu pimeni kingamwili mjue kama zilishika. Msikae tu na imani.

Utauliza, mbona kinga ya ini B hudumu hivyo na nyingine zinaisha? Mwili uliochanjwa unabaki na vitu viwili. Kuna kingamwili zinazozunguka kwenye damu, na kuna seli zinazomkumbuka adui. Kingamwili hupungua mwaka hadi mwaka. Kumbukumbu hudumu, ila inahitaji siku kadhaa kuamka na kutengeneza kingamwili mpya. Kirusi cha ini B hukaa mwilini wiki nyingi kabla ya kuleta madhara, kwa hiyo kumbukumbu inamuwahi. Pepopunda ni habari nyingine. Kinachoua pale ni sumu, nayo ni kidogo mno hata kuiamsha kumbukumbu, na ikishanasa kwenye mishipa ya fahamu hakuna dawa ya kuing'oa. Isipokuta kingamwili tayari kwenye damu, umechelewa.

Sasa niseme ya kaka.

Kaka yangu ni fundi seremala, anapiga kenchi. Machi 2017 alikuwa saiti, amevaa kandambili, akakanyaga ubao wenye msumari. Ulizama kisiginoni kama nusu kidole. Akauchomoa, akaosha kwa mafuta ya taa, akafunga kitambaa, akaendelea na kazi. Kidonda kilikuwa kidogo, hakikuvuja damu nyingi, na siku ya tatu kilikuwa kimeziba. Kuziba huko ndiko tulikofurahia, na ndiko kulikokuwa na ubaya. Bakteria wa pepopunda wanaishi kwenye udongo na samadi, na wanapenda mahali pasipo hewa. Tundu jembamba lililofunga juu na uchafu ukabaki chini ni nyumba yao. Kutu ya msumari haina kosa lolote. Mwiba au kijiti chenye udongo kingefanya vilevile.

Siku ya tisa, usiku, alishindwa kutafuna ugali. Akasema ni jino. Akaenda duka la dawa, akapewa vidonge vya maumivu, na hakuna aliyemuuliza kama ana kidonda, wala yeye hakukitaja, kwa nini akitaje wakati kimepona? Kesho yake shingo ikakaza. Jioni mgongo ukapinda kama upinde, meno yameumana, uso umekaa kama anacheka. Majirani wakaanza kunong'ona mambo ya kurogwa. Jina lenyewe la ugonjwa lina pepo ndani yake, si ajabu watu wanapoteza siku wakitafuta wa kupunga. Mama alikataa, nashukuru. Tukamweka kwenye bajaji, na kila shimo la barabarani na kila honi ilimkamata upya mwili mzima. Akili yake ilikuwa timamu muda wote. Alikuwa anasikia kila kitu.

Daktari aliuliza jambo moja kabla ya mengine yote. "Mara ya mwisho kuchanjwa pepopunda ilikuwa lini?" Mama akafungua mfuko wa nailoni aliokuwa ameukumbatia tangu nyumbani. Ndani kulikuwa na kadi ya kliniki ya mwaka 1983, DPT zote tatu (ile chanjo ya dondakoo, kifaduro na pepopunda), kila kisanduku na tarehe yake. Miaka 34 ameitunza. Daktari aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma hadi chini, akamwambia kwa upole, "Mama, hii ilishakwisha kabla hajaanza darasa la kwanza."

Wiki tatu wodini. Tulitundika khanga mbili dirishani kuzuia mwanga, simu zikazimwa, tukaongea kwa ishara, maana mlango ukigongwa tu anashikwa. Uji ulipitia mrija wa puani. Walimpa dawa ya kutuliza misuli usiku na mchana, na sindano ya kingamwili zilizo tayari ili kukamata sumu iliyokuwa bado inaelea. Ile iliyokwishanasa tuliambiwa tusubiri mishipa ijitengeneze yenyewe. Mama alikatazwa kulia karibu na kitanda.

Alipona. Na hapa ndipo nilipojifunza nisichokijua. Kabla ya kutoka, nesi akaja na sindano ya chanjo. Nikasema, dada, si ameshaugua? Surua ukiiugua hairudi. Akanijibu kwamba sumu ya pepopunda inayotosha kumuua mtu haitoshi kuufundisha mwili. Unaugua, unapona, na kesho ukikanyaga msumari mwingine unaugua tena. Kwa hiyo akaanza dozi upya, ya pili baada ya wiki nne, ya tatu baada ya miezi sita.

Usiku ule niliangalia kadi zangu. Mimi na kaka tumelala kitanda kimoja utotoni, tumepelekwa kliniki ileile na mama yuleyule, kadi zetu zinafanana. Tofauti ni kwamba mimi nimezaa. Kila mimba walinichoma sindano ya pepopunda, hata sikuuliza ni ya nini. Yeye tangu mwaka 1983 hakuna mlango wowote uliomwita. Mwanaume mzima haendi kliniki, kwa hiyo kinga yake inaisha kimyakimya huku akishika jembe, msumeno na samadi kila siku. Ndiyo maana nasema na wanaume kwa sauti zaidi.

Kwa hiyo hesabu ya pepopunda iko hivi. Dozi tatu za utotoni peke yake hulinda miaka kama mitatu hadi mitano. Shirika la Afya Duniani linashauri nyongeza tatu baadaye: mwaka wa pili wa maisha, kati ya miaka 4 na 7, na kati ya 9 na 15. Aliyekosa hizo na sasa ni mtu mzima anaweza kuanza: dozi mbili zilizopishana wiki nne humpa kama miaka mitatu, ya tatu baada ya miezi sita humpa mitano, ya nne baada ya mwaka humpa kumi, na ya tano baada ya mwaka mwingine humlinda kwa miongo. Kina mama, msiishie dozi mbili za mimba ya kwanza mkadhani mmemaliza. Ya tatu, ya nne na ya tano ndizo zinazobeba. Na ukiumia, usiangalie ukubwa wa kidonda. Kidonda kilichozama ndani au chenye udongo, ikiwa imepita miaka mitano tangu dozi ya mwisho, nenda ukachomwe. Kidonda safi, ni miaka kumi. Hujui dozi zako? Jihesabu hujachanjwa, na mwambie daktari hivyo, kwa sababu huenda ukahitaji na ile sindano ya kingamwili pia. Nenda siku hiyohiyo. Usisubiri taya.

Kichaa cha mbwa. Hapa watu hukosea kwa upande mwingine: "mwaka juzi nilimaliza sindano za mbwa, nina kinga." Ukiumwa tena unarudi. Aliyewahi kumaliza dozi hupewa mbili tu, siku ya kuumwa na siku tatu baadaye, bila ile sindano ya kingamwili, kwa hiyo ni nafuu na haraka, lakini si sifuri. Isipokuwa kama ulimaliza ndani ya miezi mitatu iliyopita, hapo kuosha kidonda kunatosha, na bado uamuzi huo aufanye daktari. Na kuosha maana yake ni maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kamili ukitazama saa. Mbwa aliyechanjwa naye chanjo yake ina mwisho. Mwenye mbwa akikuambia kachanjwa, mwambie alete cheti.

Wanaokwenda Hijja au Umra: homa ya uti wa mgongo. Lazima uwe umechanjwa si chini ya siku 10 kabla ya kufika. Aina moja ya chanjo hukubalika miaka mitatu, nyingine mitano, na zote zinaitwa jina moja midomoni mwa watu. Hakikisha aina imeandikwa kwenye cheti, usiridhike na muhuri.

Kipindupindu, ile ya kumeza: dozi mbili, angalau miaka mitatu. Dozi moja ni ya dharura, hulinda muda mfupi.

Saratani ya mlango wa kizazi: Tanzania tangu 2024 inatoa dozi moja kwa wasichana badala ya mbili. Aliyepata moja hajaibiwa. Lakini binti anayeishi na VVU anahitaji zaidi ya moja, na hili halitangazwi kwa kipaza sauti shuleni, kwa hiyo mlezi ndiye wa kumpeleka pembeni na kumuuliza muuguzi. Kwa jumla, mwenye VVU, mwenye figo za kusafishwa damu, anayetumia dawa za saratani, asifuate hesabu za jirani. Kinga yake hujengeka kwa shida na hushuka mapema, hata ya ini B.

Korona: kinga dhidi ya kuambukizwa hupungua ndani ya miezi, ile ya kuzuia kuzidiwa hukaa zaidi. Kwa kijana mwenye afya si jambo la kukosesha usingizi. Kwa baba wa miaka 70 mwenye kisukari, ile dozi moja ya 2021 isimfanye mtu aseme "mzee alishachanjwa". Uliza kituoni nini kipo kwa ajili yake.

Usichome nyongeza kwa hofu tu, na usiruke kwa uvivu. Mjamzito aseme kuwa ni mjamzito kabla ya sindano yoyote. Aliyewahi kuvimba uso au kubanwa pumzi baada ya chanjo aseme. Kaa kituoni robo saa ukishachomwa, hata kama una haraka. Usinunue chanjo kwa mtu anayeitoa mfukoni; inatakiwa itoke kwenye baridi. Kwenye saiti vaa viatu vigumu. Mbao zenye misumari zipangwe upande mmoja, misumari ikiangalia chini. Na leo kabla ya kulala, mpigie kaka yako umuulize mwaka.