Namna ya kufuatilia fedha za halmashauri zahanati ya kijiji inapokwama

Katika wilaya nyingi za Tanzania hupatikana boma la zahanati ambalo wananchi walilijenga kwa nguvu zao hadi usawa wa lenta, kisha likakaa miaka bila kupauliwa. Hoja hiyo ikiibuka kwenye mkutano wa kijiji, jibu huwa kwamba halmashauri haina fedha. Jibu hilo laweza kuwa la kweli kabisa, na laweza pia kuwa linaficha jambo. Maelezo yafuatayo yamekusudiwa wajumbe wa halmashauri ya kijiji, wa kamati ya zahanati, na mwananchi yeyote anayetaka kujua lipi kati ya hayo mawili ndilo lililopo kwake.

Jambo la kwanza ni kutambua fungu lililotarajiwa kulipia kazi hiyo. Mishahara ya waganga, wauguzi na walimu hulipwa na Serikali Kuu, hivyo upungufu wa watumishi hauwezi kumalizwa na mkurugenzi wa halmashauri peke yake, hata akipenda. Ruzuku ya maendeleo nayo hutoka Hazina, na mara nyingi huja ikiwa tayari imetajwa mradi wake. Zahanati inayofanya kazi hupokea fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya moja kwa moja kwenye akaunti yake, utaratibu ulioanza mwaka wa fedha 2017/18, kwa hiyo maswali kuhusu fedha hizo yaelekezwe kwanza kwa mganga mfawidhi na kamati ya kituo. Kinachobaki ni mapato ya ndani ya halmashauri yenyewe, na hapo ndipo boma ambalo halijasajiliwa kuwa kituo hutegemea zaidi kupata bati na mbao.

Ni vyema kuelewa kwa nini kapu hilo la mapato ya ndani ni jepesi, maana pasipo kuelewa hivyo lawama zote humwangukia mtendaji wa kata. Kodi ya maendeleo, iliyokuwa ikitozwa kila mtu mzima, ilifutwa mwaka 2003. Mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi ya majengo ulihamishiwa Mamlaka ya Mapato Tanzania, na tangu mwaka 2021 kodi hiyo hukatwa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Kila hatua kati ya hizo ilikuwa na sababu yake, na wakulima wengi waliishukuru hiyo ya mwisho kwa haki, lakini wajibu wa halmashauri haukupungua kwa kiasi hicho hicho. Halmashauri yenye mgodi au viwanda hupata nafuu kupitia ushuru wa huduma. Ile inayotegemea zao moja, kama zilivyo nyingi za Mtwara na Lindi kwa korosho, huyumba pamoja na mkulima, na msimu wa 2018/19, minada ilipokwama hadi Serikali ikaamua kununua korosho yenyewe, ulionyesha jinsi bajeti iliyopangwa juu ya zao moja ilivyo dhaifu.

Hata fedha zilizokusanywa hazipo huru zote. Maofisa mipango hutenganisha mapato lindwa, yaani yale ambayo matumizi yake yamekwisha kuelekezwa, kama vile michango ya wagonjwa inayotakiwa kurudi kwenye huduma za afya, na mapato yasiyolindwa. Ni kutokana na hayo yasiyolindwa ndipo hutengwa asilimia 10 kwa ajili ya mikopo, ambayo kwa mujibu wa sheria hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwa mfano wa kubuni, halmashauri ikikusanya shilingi bilioni 1, na milioni 200 kati yake zikawa lindwa, asilimia 10 itakuwa milioni 80, wala si milioni 100. Miongozo ya bajeti huitaka pia halmashauri ielekeze sehemu ya mapato hayo kwenye miradi ya maendeleo, na kiwango kinachotakiwa huwa kikubwa zaidi kwa halmashauri zenye uwezo. Kabla ya kudai bati, uliza kiwango cha halmashauri yako ni kipi na kimetekelezwa kwa kiasi gani.

Takwimu zenyewe zitafutwe katika taarifa ya robo mwaka ya mapato na matumizi, na kosa linalofanyika mara nyingi ni kuishia kwenye bajeti iliyoidhinishwa. Bajeti ni matarajio tu. Soma safu tatu kwa pamoja: kilichoidhinishwa, kilichopokelewa na kilichotumika. Ikiwa zahanati yako ilitengewa milioni 50 na zilizopokelewa ni sifuri, tatizo liko kwenye makusanyo, au kwenye uamuzi wa nani apewe kwanza kile kidogo kilichopatikana. Ili kujua ni lipi, tazama kama vikao, safari na mafuta navyo vilikosa fedha robo hiyo. Ikiwa fedha zilipokelewa zote na boma halijaguswa, swali ni jingine kabisa, na linastahili kuulizwa kwa maandishi.

Taarifa isipobandikwa kwenye ubao wa matangazo, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 humpa raia nafasi ya kuiomba, na mwenye taarifa anapaswa kujibu ndani ya siku 30. Andika barua kwa Mkurugenzi Mtendaji, taja jina la mradi, mwaka wa fedha na robo unayoihitaji, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi. Barua ya ukurasa mmoja inayoomba jambo moja hujibiwa upesi kuliko ile inayoanza kwa kulaumu.

Pitia pia ripoti kuu ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuhusu serikali za mitaa, ambayo huwekwa hadharani kila mwaka baada ya kuwasilishwa bungeni. Tafuta jina la halmashauri yako kwenye majedwali yake, hasa panapotajwa makusanyo ya mashine za kielektroniki za kukusanyia mapato (POS) yasiyopelekwa benki, au matumizi ya fedha mbichi, yaani zilizotumika kabla ya kupelekwa benki. Hati inayoridhisha, yaani maoni ya mkaguzi kwamba hesabu ziko sawa, isikufanye uache kusoma. Hati hiyo huzungumzia zaidi jinsi hesabu zilivyoandaliwa kuliko kama zahanati ilipauliwa.

Wakati wa kusema una uzito kuliko sauti ya kusema. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini vipaumbele vya kijiji huibuliwa miezi mingi kabla, hupitia Kamati ya Maendeleo ya Kata, na kwa kawaida baraza la madiwani huwa limekwisha kupitisha rasimu ya bajeti mwanzoni mwa mwaka, kabla Bunge la bajeti halijakaa mwezi Aprili. Anayemfuata diwani mwezi Mei hupewa ahadi ya mwaka unaofuata. Hakikisha mkutano mkuu wa kijiji, ambao unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, umeliingiza boma kwenye muhtasari kati ya Septemba na Novemba, na nakala ya muhtasari huo imefika kwa diwani na kwa ofisa mipango. Vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi, nawe unaweza kwenda kusikiliza kama kipaumbele chenu kimesomwa au kimeachwa njiani.

Ukithibitisha kwamba fedha hazipo kweli, kijiji kiombe fungu la kazi moja inayokamilika, kama vile kupaua na kuezeka, badala ya jengo zima pamoja na nyumba ya mganga, na kisikubali kuchangishwa kwa ajili ya boma jipya la darasa au ofisi hadi hili lililosimama liwe limefunguliwa.