Kupiga picha vitabu vya mkono, kuanzia na daftari

Kamera iache mkobani kwanza. Kaa na mwenye kitabu, ufungue daftari. Mimi kazi hii naifanya Lamu, kwenye nyumba zenye vitabu vya mkono vilivyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, vingine vikiwa vya Kiswahili. Bibi mmoja wa Langoni alinionyesha utenzi ulioliwa na wadudu akaniambia, "Mwanangu, hati hii ni ya babake mama yangu." Ndani ya kitabu hamna jina, basi maneno kama hayo yaandike daftarini. Muulize pia mwenye kitabu ni kurasa zipi hataki zitoke hadharani; kuna dua na tiba ambazo ukoo huzihifadhi wenyewe. Jibu lake liandike, na ulifuate.

Kitabu kilaze juu ya taulo zilizokunjwa, kifunguke kinapofikia, usikilazimishe. Osha mikono, ikauke. Glavu za pamba hupunguza wepesi wa vidole na karatasi huchanika. Kamera itazame chini wima, taa mbili ziwe za ubavuni, na rula iwemo kwenye picha.

Mpangilio wa kurasa ndio uliowahi kunitesa. Kitabu kimoja kilikuwa kimefumuka uzi, nami nikaacha dirisha wazi. Upepo wa kusi ukaingia, kurasa zikatawanyika sakafuni. Aliyeniokoa ni mwandishi mwenyewe: wanakili wa zamani walizoea kuandika chini pembeni neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Hapa chini pana "naye", basi natafuta ukurasa unaoanza na "naye". Nilikesha nikiziunga hivyo, mpaka neno moja likakosa mwenzake: karatasi moja ilikuwa haipo, na ilikuwa haipo tangu kabla ya upepo, maana idadi niliyoiandika daftarini ilikuwa ileile. Pengo kama hilo litaje kwenye maelezo. Tangu hapo kila karatasi naipa namba kwanza, na faili nalipa jina kwa karatasi na upande wake: LAM01_015a, kisha LAM01_015b.

Hifadhi picha kwa TIFF, aina ya faili linaloweza kutunza picha bila kupoteza kitu, si JPEG peke yake, ambayo huibana picha na kupunguza undani wake. Kamera ya megapikseli 24 hutoa TIFF ya takriban MB 72 kwa picha, kwa hiyo picha 200 zinakaribia GB 14. Weka nakala tatu, moja iwe mji mwingine. Hati za Msikiti wa Riyadha hapa Lamu zilipigwa picha kupitia mradi unaosimamiwa na Maktaba ya Uingereza. Oktoba 2023 maktaba hiyo ilishambuliwa kimtandao, na huduma zake nyingi zikazimika kwa miezi. Taasisi kubwa kiasi hicho! Ndiyo maana nakala ya kwanza mimi humwachia mwenye kitabu.

Kisha tumia programu ya SHA-256: huipa kila faili mfuatano wake wa herufi na tarakimu, na faili likiharibika hata chembe, mfuatano hubadilika. Diski ya yule bibi imo kwenye mkebe uliofungwa vizuri, pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu. Kila mwaka baada ya maulidi nampitia, naichomeka, naihakiki mbele yake.